Maswali ya Ushonaji: Joho la Pande Mbili

SWALI: Hamjambo mafundi? Nimeshona joho fupi la kugeuza, upande mmoja kitenge, wa pili flisi, kwa baridi ya huku kwetu. Baada ya wiki moja kitenge kimeshuka kikachungulia chini ya flisi, na utepe wa pindoni umejikunja. Nimekosea wapi?
Mama wa wawili, Molo

JIBU: Mama, kitambaa kilishonwa kabla hakijatulia. Joho hukatwa duara, na kwenye duara sehemu nyingine za ukingo hufuata uzi ulionyooka na nyingine hukaa hanamu, yaani mshazari kwa uzi. Hanamu hurefuka kwa uzito wake yenyewe, na ukikagua utaona joho limeshuka zaidi mahali panne, si pote sawasawa.

Fumua utepe wote. Acha shingo tu ikiwa imeshikizwa, tundika joho kwenye hanga siku mbili. Likiwa bado linaning'inia, pima upya urefu kutoka shingoni, tabaka moja moja, tia chaki, ukate kilichozidi. Kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kuzunguka ukingo, sm 2 kutoka mwishoni. Usiruke bandi ukategemea pini, kwa sababu flisi huteleza katikati ya pini na pini.

Unaposhona, flisi ikae chini na kitenge juu. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini, na mguu husukuma cha juu mbele, hivyo flisi ikiwa juu itatanuka. Tumia sindano namba 14 na mshono wa mm 3. Pasi iwe ya moto mdogo, tena juu ya kitambaa cha pamba, maana flisi huyeyuka.

Sasa utepe. Ule wa dukani uliofumwa moja kwa moja haukubali kupinda, ndiyo maana umejikunja. Kata wako hanamu, upana sm 4, kutoka pamba nyepesi. Nusu mita ya kitambaa hicho inatosha kutoa utepe wote. Kwenye pindo la chini uulegeze kidogo, usiuvute hata kidogo. Shingoni, ambako mviringo unaingia ndani, ndipo unapouvuta kiasi. Pembe za mbele zizungushe kwa kisahani kabla ya kukata, utepe upite bila kona. Ukitaka kuongeza utepe wa zigizagi juu yake, weka uzi wa rangi ya flisi kwenye bobini, kwani mshono huo utaonekana pande zote mbili.

Kwa anayeanza: shingo ya sm 40 gawa kwa 6.28, upate nusu kipenyo cha sm 6.4. Ongeza urefu wa sm 48, na duara zima litaenea kwenye kitenge cha upana wa sm 115. Nunua mita moja na robo ya kila kitambaa. Utepe utakula mita 5 na nusu, pamoja na kamba za kufungia shingoni.

SWALI: Utepe mwekundu umechujia rangi kwenye joho jeupe la binti yangu. Nizuieje safari ijayo?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Lowesha kipande cha utepe, kifunike kwa kitambaa cheupe, upige pasi. Cheupe kikishika rangi, loweka na usuuze utepe mpaka maji yatoke meupe, kisha rudia jaribio. Ukiendelea kuchuja, tafuta utepe mwingine. Vitambaa vyote vya pamba vifue kabla ya kukata, maana hurudi kwenye maji, na kimoja kikirudi kuliko kingine joho litajipinda pindoni.