Kolmanskop: Fika Kabla ya Saa Saba Mchana

Kosa langu la kwanza lilikuwa la saa. Nilitoka Keetmanshoop, kusini mwa Namibia, na gari la kukodi, safari ya kilomita kama 340, nikiwa na hesabu zangu za Dar: nitafika saa nane, nizungukezunguke mpaka jua lizame, nipate picha zangu nzuri. Geti nikalikuta limefungwa. Wageni wa kawaida mwisho wao saa saba mchana, na ukisimama pale nje dakika tano hutalalamika. Sisi wa Pwani tunajidai tunaijua kusi. Kusi ya jangwa la Namib imebeba mchanga; inachuna rangi ya gari, inapenya masikioni, na ile simu uliyoitoa mfukoni inaanza kukwaruza kila ukiigusa. Nikarudi kwenye gari, nikaenda kulala Lüderitz, mji wa bandari ulio kilomita kama kumi mbele. Ndiyo bahati yangu, kwa sababu kama geti lingekuwa wazi ningepiga picha nikaondoka, bila kujua nimekanyaga wapi.

Kolmanskop ni mahame ya almasi, kusini magharibi mwa Namibia. Picha zake umeshaziona hata kama jina hulijui: chumba chenye ukuta wa buluu uliopauka, mlango umebaki nusu wazi, na mchanga umejaa ndani mpaka usawa wa dirisha kana kwamba mtu ameumwaga kwa lori. Jina limetokana na dereva mmoja wa magari ya ng'ombe, Johnny Coleman, aliyelitelekeza gari lake hapo baada ya kuzidiwa na dhoruba ya mchanga.

Mji wenyewe ulizaliwa kwa fagio. Reli ya Lüderitz ilikuwa ikifukiwa na mchanga kila siku, hivyo kazi ya vibarua ikawa kuuondoa. Mwezi Aprili 1908 kibarua mmoja, Zacharias Lewala, aliokota kijiwe kinachong'aa. Alikwishafanya kazi Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo almasi hakuhitaji kuonyeshwa na mtu. Akampelekea msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch aliharakisha kukata leseni za utafutaji na akatajirika. Lewala hakupewa kitu. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikalifunga eneo kubwa la jangwa kwa watu wote, likaitwa Sperrgebiet, yaani eneo lililokatazwa.

Sasa ushauri wangu wa kwanza: chukua ziara ya mwongozaji. Asubuhi kulikuwa na mbili, saa tatu na nusu na saa tano. Nilienda ile ya mapema kwa sababu upepo ulikuwa bado haujaamka. Bila mwongozaji utaona magofu tu. Ukiwa naye utaelewa kwamba hapa, ambapo hapaoti hata mti wa kivuli, kulikuwa na kiwanda cha barafu, duka la nyama, mwoka mikate, hospitali, umeme, na ukumbi wa starehe wenye jukwaa la maigizo na njia za mbao za kuvingirishia matufe kuangusha vigingi. Maji ya kunywa yalikuja kwa meli kutoka Cape Town. Hospitali ilikuwa na mashine ya eksirei, na wenyeji hujivunia kwamba ilikuwa ya kwanza katika nusu hii ya dunia. Uliza ilitumika kufanyia nini. Ilimulika matumbo ya wafanyakazi, kuona nani amemeza almasi.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta upande wa pili. Wajerumani waliokaa hapa hawakuzidi mia chache. Wafanyakazi Waovambo, waliotolewa kaskazini kwa mikataba, walikuwa mamia na mamia, wakilala makambini. Nyumba zinazopigwa picha ni za mwalimu, mhasibu, mhandisi na wakubwa wengine. Kambi hazimo kwenye kalenda za ukutani. Muulize mwongozaji zilikuwa wapi. Wangu alinionyesha kwa mkono, akanisimulia jinsi watu walivyotambaa kwa matumbo, wamejipanga mstari, wakiokota almasi juu ya mchanga kama watu wanaookota mchele uliomwagika.

Kwa nini almasi zilikuwa juu ya mchanga? Mto Orange ulizisomba kutoka bara hadi baharini, mawimbi na mkondo wa pwani vikazisogeza kaskazini, kisha upepo na bahari vikazirudisha nchi kavu. Kubwa zilibaki karibu na mdomo wa mto, ndogo ndizo zilizosafiri mbali. Ukilielewa hilo umeshaelewa na kifo cha mji: mwaka 1928 zilipatikana almasi kubwa zaidi kule kusini, karibu na Orange, watu wakazifuata. Mwaka 1956 Kolmanskop ilibaki tupu. Mchanga haukuwa na haraka, ila haukupumzika.

Ushauri wa pili ni wa mizigo. Mimi nilifikiri jangwa ni joto, nikaja na fulana. Pwani ile inapigwa na mkondo baridi wa Benguela. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuhitaji sweta na koti la upepo. Vaa viatu vya kufunga kamba. Jaza mafuta Keetmanshoop, usisubiri. Karibu na Lüderitz punguza mwendo, kwa sababu mchanga huvuka barabara na kuacha matuta usiyoyatarajia. Ukitaka picha za alfajiri kuna kibali maalumu cha wapiga picha, kiulizie mjini siku moja kabla. Na usiokote kijiwe hata cha kumbukumbu! Kuwa na almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai Namibia, na hakuna atakayesikiliza kwamba wewe ni mgeni.

Njiani, upande wa Aus, simama Garub uone farasi wanaoishi porini jangwani. Dakika ishirini zinatosha.

Lakini mahali ambapo Mtanzania asipite bila kufika ni Shark Island, pale pale Lüderitz. Siku hizi ni rasi iliyounganishwa na mji, na pana uwanja wa kupigia mahema. Kati ya 1905 na 1907 ilikuwa kambi ya mateso ya Waherero na Wanama, makabila ya Namibia yaliyopigana na Wajerumani. Kiongozi mmoja wa Wanama, Cornelius Fredericks, alifia hapo Februari 1907, na lipo jiwe la kumbukumbu yake. Wafungwa wa kambi hiyo ndio waliotumiwa kujenga reli. Kati ya kama 2,000 waliopelekwa kwenye reli, zaidi ya 1,300 walikufa. Ndiyo reli ambayo Lewala alikuwa akiifagia mwaka uliofuata.

Nilisimama pale nikawa nahesabu miaka. 1905 hadi 1907 kwetu ni Maji Maji. Jenerali Lothar von Trotha, aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero Oktoba 1904, alikuwa kwetu kwanza, miaka ya 1894 hadi 1897, akiwa afisa wa jeshi la Mjerumani Afrika Mashariki. Nimesoma Maji Maji tangu shule ya msingi, ila hakuna aliyenifundisha kuziweka hadithi hizi mbili meza moja.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi: fika Lüderitz mchana, jioni nenda Shark Island, kesho yake saa tatu uwe getini Kolmanskop. Ukianzia Kolmanskop utaona vyumba vya buluu tu. Na hema lako, kama unasafiri na hema, tafuta pengine pa kulipiga. Mimi nililipia chumba mjini, ghali kuliko nilivyopanga, lakini pale kisiwani sikuweza kulala.