Umepigwa tiketi ya paki kwenye nafasi yako mwenyewe? Majibu ya maswali yenu

Wiki hizi ujumbe unaoingia kwa wingi ni wa ndugu zetu wanaokaa kwenye fleti kule Uingereza, na karibu wote wanalia jambo moja, mtu ana nafasi yake ya kupaki, namba imeandikwa chini, kaipata pamoja na nyumba, alafu asubuhi anakuta karatasi kwenye kioo, kampuni binafsi inamdai pauni 100 kwa kupaki kwake mwenyewe. Inaniuma kwa sababu wengi wanalipa kwa woga tu. Nimechagua maswali machache yanayobeba na ya wengine, na majibu ni ya England na Wales, Scotland nitaigusa.

Shikamoo dada. Nipo Reading, fleti nilinunua 2017 na nafasi ya paki ilikuja nayo. Mwaka jana wakala wa jengo kaleta kampuni ya paki, tukagawiwa vibali vya kuweka kwenye dashibodi. Kibali changu kilidondoka chini ya siti, nikakuta bahasha ya njano, pauni 100, nikilipa ndani ya siku 14 ni 60. Nilipe yaishe?

Marahaba mdogo wangu. Usilipe, na wala usiitupe hiyo karatasi, maana ukishalipa umefunga mjadala, kukata rufaa tena hamna.

Uelewe kwanza hiyo sio faini. Faini ya kweli inatoka polisi au kaunsili (halmashauri ya mji) kwa nguvu ya sheria, hiyo ya kwako imetoka kwa kampuni ya biashara na hoja yao yote ni kwamba kuna ubao ukutani una masharti, wewe ulipopaki ukawa umeyakubali, ukayavunja, kwahiyo unadaiwa. Ni madai ya mkataba. Na watakutajia kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, hiyo wanaipenda sana, ya Novemba 2015 ambapo Mahakama ya Juu kabisa ya nchi (Supreme Court) ilisema pauni 85 alizotozwa mtu aliyezidisha muda kwenye paki ya maduka Chelmsford ni halali. Isikutishe. Yule pale madukani alikuwa mgeni, hakuwa na haki yoyote ya kuweka gari isipokuwa ile aliyopewa na ubao wenyewe, wewe haki yako unayo tangu 2017 na umeilipia. Ubao uliopigiliwa miaka baadae hauna kitu cha kukupa ambacho huna tayari, sasa huo mkataba mpya umetoka wapi?

Kwahiyo kazi yako leo usiku ni kuitafuta lizi, yaani ule mkataba mrefu wa miaka 99 au 125 uliokuja na nyumba. Kama umeipoteza, HM Land Registry wanauza nakala kwenye tovuti ya serikali, ila angalia usiingie kwenye tovuti za watu wa kati wanaotoza mara kadhaa ya bei. Soma pale panapoelezea umenunua nini. Kama nafasi ya paki imetajwa kuwa sehemu ya mali yenyewe na imechorwa kwenye ramani, upo pazuri sana. Kama imeandikwa una haki ya kupaki gari moja, bado upo pazuri. Alafu angalia kama kuna popote pametajwa kibali, stika, au malipo kwa kampuni ya tatu, na nyingi za zamani hazina hata neno moja la hivyo.

Ila nisikufiche kitu, kuna kifungu kinachoweza kukuumiza. Lizi nyingi zina sentensi inayosema mkaazi atafuata kanuni zitakazowekwa mara kwa mara na mwenye jengo au wakala wake, na kampuni zikiiona hiyo zinaing'ang'ania na kuna majaji waliowakubalia. Hata hapo una la kusema, kanuni ya kupanga utaratibu wa jengo ni jambo moja, kumpa mtu baki haki ya kukudai pauni 100 kwa kutumia mali yako ni jambo lingine kabisa. Na kama kwako hicho kifungu hakipo, basi kubadilisha lizi bila ridhaa yako sio barua ya wakala inayosema kuanzia Jumatatu mambo yatakuwa hivi, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1987 kifungu cha 37 inataka maombi yaende kwenye baraza la kisheria la migogoro ya nyumba, na kwa jengo lenye lizi 9 au zaidi lazima asilimia 75 wawe wamekubali na wanaopinga wasizidi asilimia 10. Waulize kwa maandishi kama walifanya hivyo. Utaona ukimya.

Andika rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28, fupi tu, wewe ni mkaazi, haki ya kupaki ipo kwenye lizi, ambatanisha ukurasa husika, waambie wafute. Siku hiyohiyo mwandikie na wakala wa jengo imeli umwambie awaagize wafute, yeye ndo aliyewaleta na ana uwezo huo, na kesi nyingi zinaishia hapa bila hata kufika mbali.

Nimepanga tu, Leicester, mwenye nyumba kanikodishia fleti na nafasi ya paki. Mimi nina haki gani hapo?

Nzuri tu kaka. Haki aliyokuwa nayo mwenye nyumba kwenye lizi yake kakupitishia wewe, angalia mkataba wako wa kupanga kama paki imetajwa, hata kwa mstari mmoja. Muombe mwenye nyumba ukurasa wa lizi yake unaohusu paki na barua fupi inayothibitisha nafasi ni ya kwako kwa muda wa kupanga. Kama paki haijatajwa popote na mlielewana kwa mdomo, tafuta zile meseji za WhatsApp au tangazo la nyumba lililosema paki ipo, piga skrinishoti mapema kabla halijafutwa.

Mimi sikuwa hata kwenye paki. Nilisimama mlangoni kwa jengo dakika chache kumshusha mama, anatembea kwa fimbo, na mizigo yake. Kurudi nakuta tiketi.

Pole sana, na mpe pole mama. Kesi yako ina jibu zuri linaitwa Jopson dhidi ya Homeguard, rufaa iliyosikilizwa mahakama ya kaunti Oxford mwezi Juni 2016. Yule alikuwa mkaazi aliyesimama mbele ya mlango wa jengo kushusha fanicha, akapigwa tiketi, akashindwa mwanzoni, akakata rufaa na akashinda. Jaji alisema mambo mawili ambayo nataka uyaandike kwenye barua yako. Kwanza kusimama kushusha mtu au mzigo sio kupaki, maisha ya fleti hayawezekani kama watu wa posta, wanaohamisha vitu na wanaoshusha watoto na wazee watahesabiwa kuwa wamepaki. Pili haki ya kupita na kufika mlangoni ambayo mkaazi kapewa kwenye lizi haiwezi kufutwa na kampuni ya paki kwa ubao tu, na kwamba ile kesi ya maduka ya Chelmsford haiwasaidii hapa.

Hukumu ya mahakama ya kaunti haimfungi jaji mwingine kwa lazima, lakini hii ilikuwa rufaa mbele ya jaji mwandamizi na inasomwa kwa heshima. Itaje kwa jina.

Logibuku, yaani kadi ya gari, ina jina langu ila siku hiyo gari alikuwa nalo mdogo wangu. Hatukukuta karatasi yoyote kwenye kioo, barua imekuja wiki tano baadae. Wananiambia nitaje dereva.

Hulazimiki kumtaja. Ile sheria ya 2012 inayoitwa Protection of Freedoms Act, jedwali la 4, ndo inayowaruhusu kumdai mwenye gari badala ya dereva, lakini imewawekea masharti na wakikosea hata moja haki hiyo wanaipoteza. Kama hawakuacha karatasi kwenye gari, barua lazima iwe imekufikia ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata ile gari lilipopaki. Kama waliacha karatasi, barua ya mwenye gari inatakiwa ifike kati ya siku ya 29 na ya 56. Wiki tano bila karatasi wamechelewa. Tunza bahasha, piga picha tarehe, na kwenye rufaa jiite mwenye gari tu, usiandike nilipaki wala tulipaki.

Na kwa mliouliza kutoka Glasgow, Scotland, hilo jedwali la 4 haliwahusu huko.

Rufaa yangu waliikataa, saa hizi napata barua nyekundu kutoka kwa wakusanya madeni, deni limefika pauni 170, wanasema watakuja nyumbani. Watoto wanaogopa.

Dada yangu, waambie watoto walale, hakuna anayekuja kubeba TV. Mkusanya madeni sio dalali wa mahakama. Hana amri, hana haki ya kuingia, kazi yake ni kukuandikia barua za kutisha, na hizo pauni 70 juu ya ile 100 ni za kwao wameongeza, wapo majaji wanaozikata. Hizo barua zihifadhi, usizijibu, usiwapigie simu.

Kama barua ya kukataliwa ni ya juzijuzi bado una mlango mwingine, kampuni zipo chini ya vyama viwili vya kampuni za paki, BPA na IPC, na kila kimoja kina chombo chake cha rufaa, walio BPA rufaa inaenda POPLA na walio IPC inaenda IAS. Tarehe ya mwisho imo humo kwenye barua. Binafsi POPLA nina imani nayo zaidi kuliko IAS, ila uzuri ni kwamba ukishindwa huko hufungwi na uamuzi wao, bado kampuni lazima ikupeleke mahakamani kama inataka hela.

Sasa hapa nisikilize vizuri sana, kwa sababu hapa ndo watu wetu wanaanguka. Mtu kaambiwa na rafiki "puuza tu", anapuuza barua kumi za wakusanya madeni, ya kumi na moja imetoka mahakamani na anaipuuza nayo. Hiyo usipuuze hata ukiwa hoi. Kabla yake inakuja barua ya kusudio la kudai inayokupa siku 30 kujibu, ijibu, sema deni hulikubali na kwanini. Baada ya hapo inakuja fomu ya madai kutoka mahakama ya kaunti, unatakiwa uthibitishe umeipokea ndani ya siku 14, na ukithibitisha unapata jumla ya siku 28 za kuweka utetezi. Ukikaa kimya wanapewa hukumu bila jaji kusoma lizi yako, na hukumu hiyo, CCJ, usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 6. Ukihama nyumba pia badilisha anuani DVLA (wanaosajili magari) mapema, wapo wanaopata hukumu bila kujua kwa sababu fomu ilienda anuani ya zamani, na kuomba ifutwe kuna ada ya zaidi ya pauni 300.

Ukijitetea kesi inakwenda njia ya madai madogo, hata ukishindwa kawaida hulipishwi mawakili wao gharama zote, ni deni, ada ya mahakama na kiasi kidogo kilichopangwa.

Naomba uraia mwakani. Tiketi hii itaniharibia?

Tiketi yenyewe hapana, sio kosa la jinai na haiingii kwenye rekodi ya polisi. Ila fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kupewa hukumu ya madai mahakamani, na hapo lazima useme ukweli. Sababu nyingine ya kujibu makaratasi ya mahakama kwa wakati.

Jirani anapaki kwenye nafasi yangu kila Ijumaa. Naweza kumfunga mnyororo wa tairi?

Usithubutu! Tangu Oktoba 2012 kufunga au kuburuta gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai, utageuka wewe mshtakiwa. Piga picha, mwandikie yeye na wakala, na uombe ruhusa ya kuweka nguzo ya kukunja yenye kufuli kwenye nafasi yako.

Hapa jengo zima tumechoka na hii kampuni. Tunaitoaje?

Mkiwa pamoja inawezekana. Anzeni kwa kumtaka wakala awape nakala ya mkataba wake na kampuni, muda wake unaisha lini na wa kuvunja ni nani. Mwandikieni mkiwa wengi, wote siku moja, kila mtu na ukurasa wa lizi yake, na muulizeni kama kuna chochote anachopata yeye au mwenye jengo kwenye hizo tiketi, maana nyinyi ndo mnaolipa sevisi chaji, yaani ada ya huduma za jengo. Akigoma, kuna haki ya kuchukua usimamizi wa jengo chini ya sheria ya 2002, mnaanzisha kampuni yenu, mnahitaji wenye lizi wa angalau nusu ya fleti zote wajiunge, na hamhitaji kuthibitisha kwamba wakala kakosea. Mkishauchukua usimamizi, kampuni ya paki inaongea na nyinyi. Anzeni na grupu la WhatsApp la jengo, hesabuni mpo wangapi wenye lizi na wangapi mmepanga, alafu mniandikie mmefikia wapi.