Usaili wa Broadway: Litengeneze Faili Lako la Noti Kabla ya Siku Yenyewe

Kwenye usaili wa Broadway, yaani wa tamthilia za muziki za kumbi kubwa za New York, mara nyingi utaruhusiwa kuimba baa 16 tu. Baa ni kile kipande cha noti kilicho kati ya mistari miwili ya wima, na wimbo ukiwa na mwendo wa kawaida, baa 16 huisha ndani ya nusu dakika hivi. Sauti yako haitabadilika asubuhi ile. Faili la noti utakalomkabidhi mpiga piano, hilo unaweza kulitengeneza wiki nzima kabla, na hapo ndipo waimbaji wengi hodari wanapoharibikiwa.

Mpiga piano hakujui, hamjawahi kufanya mazoezi pamoja, na siku hiyo anawapigia watu makumi kwa makumi. Atapiga anachokiona. Kwa hiyo mwonyeshe vizuri. Tumia faili gumu la pete tatu lenye unene wa inchi 1. Likizidi hapo huwa zito na halikai vizuri mbele ya piano. Karatasi zilizolegea huanguka. Ukizitia kwenye mifuko ya plastiki, chagua isiyong'aa, maana taa za darini huakisi na kuficha noti. Toa fotokopi pande zote mbili ili kurasa zitazamane kama kitabu, na upange ukurasa ugeuzwe mahali ambapo mkono mmoja wa mpigaji una nafasi.

Kosa linaloumiza zaidi ni fotokopi iliyokatwa chini. Mstari wa besi wa mwisho wa ukurasa unapotea, mpigaji anaubahatisha, nawe unasikia ardhi ikikutoka miguuni bila kujua kwa nini. Kagua kila ukurasa, pembe zote nne. Kagua pia ufunguo wa wimbo: noti zinazouzwa mtandaoni mara nyingine ziko juu au chini ya ile rekodi uliyojifunzia, na usipoziimba na piano kabla ya siku yenyewe utaligundua hilo mbele ya wachaguzi.

Wenzetu waliokulia kwenye kwaya za Tanzania na Kenya wawe makini na jambo moja. Kwaya nyingi huku kwetu husoma sol-fa, zile d, r, m zilizoandikwa kwa herufi. Mpiga piano wa New York anahitaji noti za mistari mitano, tena zenye sehemu kamili ya piano. Mtafute mtu akuandikie, na mlipe; ni gharama yenye faida.

Baa unazoziruka zifunike kabisa kwa karatasi nyeupe, kisha utoe kopi upya, ili jicho la mpigaji lisitangetange. Weka alama kubwa mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na utie rangi kwenye kila badiliko la mwendo. Kipande chenyewe kianze pale penye wazo jipya. Ukianza moja kwa moja kwenye kilele, unakuwa huna pa kupanda.

Ukiingia chumbani, salimia, nenda kwenye piano, useme mambo matatu: unaanzia wapi, mwendo ni upi, unaishia wapi. Mwendo mwonyeshe kwa kuimba mstari mmoja taratibu, kwa kasi utakayoitumia. Usimpigie vidole, ni utovu wa adabu, na vidole vya mtu mwenye wasiwasi hukimbia. Akianza polepole kuliko ulivyotaka, usimkodolee macho. Tamka konsonanti kwa nguvu na uvute pumzi kwa mwendo wako; mpigaji mzuri huifuata pumzi. Mambo yakiharibika kabisa, simama mara moja, omba kuanza upya kwa upole, wala usimlaumu. Wachaguzi wanaangalia jinsi unavyoishi na watu.

Macho yaelekeze juu kidogo ya vichwa vyao. Ukimwimbia mmoja wao usoni unamlazimisha aigize nawe, na yeye anataka kuandika.

Kuhusu foleni: chama cha waigizaji, Actors' Equity Association, kilichoanzishwa 1913, kina utaratibu wa usaili wa wazi, na wanachama wake ndio wanaosikilizwa kwanza. Asiye mwanachama anaweza kuwahi alfajiri akajiandikisha kwenye orodha isiyo rasmi, lakini hakuna ahadi kwamba ataingia. Beba chakula, chaja na subira.

Januari hadi Machi ndio msimu wenye pilikapilika, na ni baridi kali nje huku ndani joto la mabomba likikausha koo. Maji ya kunywa hayagusi nyuzi za sauti moja kwa moja, kwa hiyo kunywa tangu jana yake. Amka angalau saa tatu kabla ya kuimba. Kupasha sauti kwa makelele kwenye chumba cha kusubiria huwachosha wenzako. Chukua mrija, uchovye sentimita mbili au tatu ndani ya chupa ya maji, uvumishe sauti kupitia mrija huo ukipanda na kushuka kwa dakika tano. Inafanya kazi vizuri ajabu.

Kwenye sehemu ya kucheza ngoma, hesabu mwenyewe mapigo yako, moja hadi nane. Anayejifunza kwa kumfuata wa mbele yake hupotea mistari inapobadilishana na yeye kujikuta mbele. Beba viatu bapa, vya kisigino na vya tap (vyenye vibati vya chuma chini, vya kugongea sakafu) hata kama tangazo limetaja aina moja.

Picha yako iwe ya inchi 8 kwa 10, wasifu ukiwa umebanwa kwa stepla nyuma yake na kukatwa ulingane nayo. Ukitoka, andika hapohapo: tarehe, ulichoimba, ulichovaa, waliokuwa mezani. Ukiitwa tena, vaa vilevile na uimbe kipande kilekile isipokuwa wameagiza vingine. Mazungumzo ya tamthilia watakayokutumia uyasome yajue vizuri, lakini shika karatasi mkononi: ukisahau neno utalitazama na kuendelea, badala ya kusimama katikati ya sentensi.