Mkuu, usilipie hizo nakala 240 kabla hujashika ukanda wa jaribio mkononi

Simama hapo hapo. Usitume hiyo pesa.

Nimekusoma mara mbili. Una picha 12 za Ziwa Natron na mlima Ol Doinyo Lengai, umepiga kwa kamera ya megapikseli 24 unayohofia haitoshi, hoteli moja Mji Mkongwe imekupa ukuta wa maonyesho baada ya wiki tatu, na duka limekushauri uchape nakala 20 za kila picha kwa mpigo, kwenye kanvasi, sentimita 90 kwa 60, ili upate bei ya jumla. Halafu unauliza ununue lenzi gani, urudi Natron mwezi gani, na upange vipi bei ya kuuzia. Ya lenzi yaache kwanza. Kilichonitoa kitandani ni nakala 240 ambazo hujaiona hata moja.

Piga hesabu. Kanvasi ya kuvutwa kwenye fremu ya mbao inataka ziada ya kukunja, sentimita 5 kila upande, kwa hiyo kila nakala inakula sentimita 100 kwa 70. Mara 240, hiyo ni mita za mraba 168. Zikitoka mbovu hakuna wa kukurudishia hela. Duka litasema limechapa faili uliloleta, na litakuwa linasema kweli.

Hasara hiyo naijua kwa jina. Nakala zangu 30 za picha moja, zimesainiwa, zimepewa namba, na zote zimetoka giza: mteremko wa mlima uliokuwa na makorongo yake yote kwenye skrini umekuwa doa jeusi kama sufuria ya kuni. Aliyenipokea dukani aliniambia "leta faili tu, mashine inajua yenyewe". Maneno hayo yananichoma mpaka leo, na naona na wewe umeambiwa karibu yale yale. Mashine haijui kitu. Inamwaga wino pale namba zilizo kwenye faili zinapoiambia imwage, basi. Mtu anayekula mkate wake kwa kuchapa picha za watu ana wajibu wa kumwambia mteja hilo kabla ya kupokea malipo ya awali, na akinyamaza kwa sababu oda ni kubwa, amekula fedha ya mwenzake huku akijua.

Giza lenyewe linatoka wapi? Skrini inatoa mwanga wake, kanvasi inaakisi tu mwanga wa chumba. Laptopu nyingi zikiwekwa mwangaza wa juu kabisa hutoa kandela 300 au zaidi kwa mita ya mraba. Kuhariri kwa ajili ya kuchapa hufanyika kati ya 80 na 120. Ukihariri kwenye 300, jicho linaona picha imeng'aa vya kutosha, tena unaishusha kidogo anga lisikuumize. Kumbe faili lenyewe ni giza tangu mwanzo, taa ya skrini ndiyo ilikuwa inakuficha. Ukichapa, taa haipo.

Dawa ni kalorimita, kile kifaa kinachokaa juu ya skrini na kupima rangi zake. Weka lengo la kandela 100, nyeupe ya D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana), gama 2.2 (jinsi skrini inavyopanda toka giza kwenda mwanga). Kama huna na hakuna wa kukuazima, fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini, shika karatasi nyeupe pembeni yake ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida, kisha shusha mwangaza mpaka vyeupe viwili vilingane kwa macho. Utashtuka jinsi utakavyoshuka. Zima mwangaza wa kujirekebisha wenyewe, na zima ile rangi ya njano ya usiku, maana hiyo ndiyo humfanya mtu aongeze buluu asubuhi nzima bila kujua anapigana na nini. Baada ya hapo zifungue picha zako 12 upya. Nakuhakikishia utaziongezea mwangaza karibu zote.

Sasa kanuni yangu, nayo ni moja tu. Nakala nzima haichapwi kabla ukanda wa jaribio, yaani vipande vichache vya picha vilivyochapwa kwa kujaribu, haujakaa siku nzima kwenye ukuta ambao picha itatundikwa. Sisemi kwenye simu, wala kaunta ya duka chini ya taa zao nyeupe. Ukuta ule ule.

Ukanda hautengenezwi kwa kuipunguza picha nzima iingie kwenye A4. Ukiipunguza, vivuli vinajibana, ukali wa picha unadanganya, na hujajifunza lolote. Chukua faili katika ukubwa wake wa mwisho, kata vipande vyenye matatizo tu. Kwa picha za Natron vipande hivyo ni vitatu: sehemu nyeusi kuliko zote kwenye mteremko wa Lengai, anga la alfajiri linalofifia toka buluu kwenda chungwa, na yale maji mekundu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Kila kipande kichape mara tatu: kama kilivyo, kikiwa kimeongezwa theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), na kikiwa kimeongezwa theluthi mbili. Vipande tisa. Andika namba ndani ya kila kimoja, kwa sababu vikishakatwa vinafanana kama mapacha. Vyote viwe kwenye kanvasi ile ile, wino ule ule na printa ile ile itakayofanya kazi kubwa. Jaribio la karatasi ya kung'aa halikuambii chochote kuhusu kanvasi, kwa sababu weusi wa kanvasi isiyong'aa ni hafifu zaidi na vivuli vya karibu karibu humezana.

Kila kipande kina swali lake. Cha vivuli: je, unaona makorongo, au lami tupu? Cha anga: je, rangi inateleza, au imekuwa ngazi ngazi? Ngazi zikionekana, mara nyingi umehariri JPEG ya biti 8 (faili lililobanwa, lenye hatua chache za rangi) na kuivuta sana. Rudi kwenye faili ghafi (RAW, kama lilivyotoka kwenye kamera), hariri kwa biti 16, peleka TIFF, aina ya faili inayozitunza hatua hizo. Cha wekundu ndicho kitakachokukera kuliko vyote. Wekundu wa Natron ukiukolezea kidogo tu unatoka nje ya uwezo wa wino, na ukitoka nje, mawimbi na kingo za chumvi vinapotea, linabaki bapa moja kama rangi ya ukutani. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ukiwa sehemu ya Develop, bonyeza herufi S, chagua profaili ya kanvasi yao (faili linaloeleza rangi ambazo printa na kanvasi hiyo zinaweza kutoa), washa onyo la rangi, na programu itakuonyesha ni wapi rangi inavuka mpaka. Punguza ukolezi wa nyekundu hapo hapo tu, usiiguse picha nzima.

Profaili hiyo uwaombe duka. Wakikuuliza profaili ni nini, ondoka. Wakikwambia ubadilishe faili kuwa CMYK (mfumo wa rangi wa wino nne), hapo umeingia kwenye duka la mabango, kazi yao halali ni matangazo ya barabarani na hakuna ubaya, lakini faili lako litapoteza rangi kabla hata halijafika kwenye printa. Printa za picha za sanaa zinapokea RGB (mfumo wa nyekundu, kijani na buluu). Wape Adobe RGB, profaili ikiwa imepachikwa ndani ya faili. Ukiwapa ProPhoto (RGB pana zaidi) isiyopachikwa, programu yao ikaisoma kama sRGB (RGB nyembamba), picha itatoka imepauka kama kanga ya miaka kumi.

Waulize pia nani anasimamia rangi, programu ya picha au dereva ya printa (ile inayoiendesha mashine kutoka kwenye kompyuta). Kimoja tu. Vikisimamia vyote viwili, rangi inarekebishwa mara mbili na chapa inaelekea zambarau, na hapo fundi atakwambia tatizo ni kamera yako. Uliza wino kama ni wa pigmenti (chembe za rangi, zisizofifia haraka). Kwa kitu utakachouza kama sanaa, usikubali mwingine.

Turudi ukutani. Nimesema ukuta wa hoteli kwa sababu taa nyingi za hoteli ni za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 mpaka 3,000, za njano. Chini ya taa hizo buluu ya alfajiri inanyauka na wekundu unapanda. Mchana dirisha likifunguliwa, mwanga wa bahari unaingia na kila kitu kinageuka. Bandika vipande vyako tisa hapo kwa gundi karatasi, vitazame asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa zikiwashwa. Kipande kinachovumilika saa zote tatu ndicho ukichague, hata kama si kizuri kuliko vyote kwa saa yoyote moja. Na upe wino saa 24 za kukauka kabla ya kuhukumu rangi, kabla ya kupaka vanishi, na kabla ya kufungia chochote nyuma ya kioo, la sivyo kioo kitajaa ukungu kwa ndani.

Megapikseli ndiyo hofu yako kubwa, na hiyo wala isikunyime usingizi. Pikseli 6,000 zikigawanywa kwa sentimita 90 zinakupa takriban 169 kwa inchi. Mtu akisimama nusu mita kutoka kwenye picha, jicho lake linatosheka na kama 175, akirudi mita moja inatosha nusu ya hizo. Uko salama. Hauko salama kama umekata nusu ya picha: pikseli 3,000 kwa upana ule ule ni 85 tu kwa inchi. Hao wanaokwambia huwezi kuchapa sentimita 90 bila kamera mpya wanataka ununue kamera.

Kuhusu kukunja: duka likichukua sentimita 5 za kukunja kutoka kwenye picha yenyewe, kilele cha Lengai kilicho karibu na ukingo wa juu kitakwenda kukaa ubavuni mwa fremu. Ongeza mwenyewe ukingo kwa kugeuza picha kama kioo, pikseli 333 kila upande, na uwaandikie kwamba uso wa mbele ni 90 kwa 60. Kwa unyevu wa Unguja kanvasi hulegea, kwa hiyo fremu ziwe na kabari za kukazia kwenye kona.

Na hiyo ishirini yenyewe! Toleo la nakala 20 maana yake hutazidisha 20. Haimaanishi uzichape zote leo. Tangaza 20, chapa moja ya kila picha kwa ajili ya ukuta, zilizobaki chapa kadiri zinavyouzwa, kila moja ikiandikwa kwenye daftari: namba, tarehe, mnunuzi, aina ya kanvasi. Weka nakala rejea moja gizani, mahali pakavu, ili ile ya kumi na saba ilinganishwe nayo. Usisaini kitu kabla ya hapo. Ukishasaini 20 zenye giza huwezi tena kuchapa 20 nzuri za picha ile ile bila kumdanganya aliyenunua ya kwanza, na toleo limekufa hivyo. Bei ya jumla waliyokuahidi inakufunga kwenye kosa ambalo hujaliona bado.

Wiki tatu zinatosha kabisa. Kesho rekebisha skrini na fungua faili upya. Keshokutwa peleka vipande tisa vya picha moja, ile yenye wekundu mwingi zaidi, vikauke siku nzima, kisha panda navyo boti. Ukishajua inahitaji theluthi ngapi za stopu, anzia na kiasi hicho hicho kwa nyingine 11, lakini kila moja ipate kipande chake cha vivuli kabla ya kuchapwa nzima. Ukirudi toka hotelini andika hapa ni kipande namba ngapi kilichosimama saa zote tatu, na taa za ukuta ule ni za kelvini ngapi.