Usigawe diski yote: ushauri kwa anayetunza vifurushi na voliumu za Linux

Anayejifunza Linux husoma vifurushi katika somo moja na LVM katika somo jingine, na wengi wetu huendelea kuviona kama mambo mawili yasiyohusiana. Apt (ya Debian na Ubuntu) au dnf (ya Fedora na Red Hat) ni ya kusakinisha programu, ambazo huja kama vifurushi, na LVM ni ya kugawa diski katika voliumu, basi. Kazi ya kutunza seva imenionyesha kwamba mambo hayo hukutana siku ya kusasisha mfumo mzima. Kama diski ilipangwa vizuri na sasisho likaharibika, unawasha mashine upya na kurudi ulikokuwa. Kama ilipangwa ovyo, usiku mzima utakuwa wako na terminali.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: unapoweka mfumo mpya, usigawe diski yote. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwenye LVM msemo huo ni wa kweli kabisa. Diski au patisheni unaifanya kuwa voliumu halisi kwa `pvcreate`, unaziunganisha kadhaa kuwa kundi kwa `vgcreate`, kisha ndani ya kundi unakata voliumu za kimantiki kwa `lvcreate`. Kundi hugawanywa vipande vidogo, kwa kawaida vya MiB 4 kila kimoja, na kipande ambacho hakijapewa voliumu yoyote kinaweza kupewa yoyote baadaye. Andika `vgs` uangalie safu ya VFree, yaani nafasi ya kundi ambayo haijagawiwa. Ikisomeka sifuri, umejifunga mikono mwenyewe.

Kisakinishi cha Ubuntu Server kina tabia hii tayari: ukichagua LVM kwenye diski kubwa, kinaipa mizizi ya mfumo (saraka ya `/`) sehemu tu na kuacha nyingine bila kugawa. Watu hulalamika kwamba diski yao “imeliwa”. Haijaliwa, ipo kwenye VFree. Wengi wakishagundua huikimbilia yote na kuimwaga kwenye voliumu moja, jambo ambalo mimi ningewasihi wasilifanye, kwa sababu kukuza ni rahisi na kupunguza ni kazi. Amri ya

`lvextend -r -L +10G vg0/var`

inaongeza voliumu ya `var` katika kundi liitwalo `vg0`, pamoja na mfumo wa mafaili uliomo (kama ext4 au XFS), na huduma zinaendelea kama kawaida. Herufi ile `-r` ndiyo inayosahaulika sana: ukiiacha, voliumu inakua lakini `df` inaonyesha ukubwa uleule wa zamani, mpaka uendeshe mwenyewe `resize2fs` kwa ext4 au `xfs_growfs` kwa XFS. Kupunguza, ext4 inakutaka uiondoe kwanza kwenye matumizi, na kwa voliumu ya mizizi hiyo ina maana ya kuwasha mashine kwa USB. XFS, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la Red Hat Enterprise Linux tangu toleo la 7 la mwaka 2014, usiihesabu kabisa kuwa inapunguzika. Anza na voliumu ndogo, ikibana uiongeze.

Sasa nafasi ile tupu ina kazi gani hasa? Mbali na kuongeza voliumu, ndiyo inayokuwezesha kuchukua snapushoti, yaani picha ya voliumu ilivyo wakati huo, kabla ya kugusa vifurushi:

`lvcreate -s -L 15G -n kabla vg0/mizizi`

Amri hii hukamilika mara moja kwa sababu hakuna data inayonakiliwa wakati huo. Kuanzia hapo, kila kipande cha voliumu asili kinapotaka kuandikwa upya, maudhui yake ya zamani huhamishiwa kwanza kwenye zile GB 15. Maana yake snapushoti hujaa kadiri unavyobadilisha, na snapushoti ya aina hii ikijaa hubatilika yote, huwezi tena kurudi nayo. Kusasisha vifurushi vichache hakuli nafasi kubwa, lakini kuhama kutoka toleo moja la Debian kwenda jingine huandika upya karibu kila kitu kilichomo `/usr`. Kwa kazi kama hiyo natoa nafasi inayokaribia data iliyomo kwenye mizizi, na wakati apt inafanya kazi nafungua terminali ya pili nikitazama safu ya Data% ya `lvs`, inayoonyesha snapushoti imejaa kiasi gani. LVM ina uwezo wa kuongeza snapushoti yenyewe, lakini mpangilio wa `snapshot_autoextend_threshold` kwenye `lvm.conf` huja ukiwa 100, yaani umezimwa.

Makala nyingi huishia hapo, kumbe tatizo lenyewe ndipo linapoanza. Dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha vifurushi, huweka kumbukumbu zake zote chini ya `/var/lib/dpkg`: kifurushi gani kipo, toleo gani, kina mafaili yapi. Na watunzaji wengi, kwa sababu nzuri tu, huweka `/var` kwenye voliumu yake ili logi zisijaze mizizi. Sasa fikiria umechukua snapushoti ya mizizi peke yake, umesasisha, mambo yameharibika, umerudisha. Mafaili ya `/usr` yamerudi kuwa ya zamani, ilhali dpkg bado inaapa kwamba matoleo mapya ndiyo yaliyosakinishwa. Ukiiambia isasishe tena, itakujibu hakuna la kusasisha. Mashine ya namna hii ni mbaya kuliko iliyokataa kuwaka, maana inawaka na inadanganya. Jamaa wa Fedora waliliona: kuanzia toleo la 36, la mwaka 2022, hifadhidata ya RPM, ambayo kwao ndiyo dpkg yao, ilihamishwa kutoka `/var/lib/rpm` kwenda `/usr/lib/sysimage/rpm`, ikakaa pamoja na mafaili inayoyaeleza.

Kwenye Debian na ndugu zake njia ni mbili. Unaweza kuacha `/var` ndani ya mizizi na kutenga voliumu kwa vile vinavyovimba tu, kama `/var/log` au saraka ya hifadhidata yako. Mimi napendelea hii. Au uwe na `/var` ya peke yake, lakini kila snapushoti ya mizizi iandamane na ya `/var`, zichukuliwe huduma zikiwa zimesimamishwa, na zirudishwe zote mbili. Kumbuka tu kwamba kurudisha `/var` kunarudisha nyuma na data ya hifadhidata zilizomo humo. Maagizo ya wateja yaliyoingia katikati yatapotea.

Kuna na `/boot`, inayohifadhi keneli (kiini cha mfumo), ambayo mara nyingi ni patisheni ya kawaida nje ya LVM. Snapushoti haiigusi. Ukirudisha mizizi, keneli mpya inabaki `/boot` lakini moduli zake zimeondoka `/lib/modules`, hivyo mashine inaweza kuwaka bila kadi ya mtandao. Dawa ni kuchagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine inapowaka, ndiyo maana kabla ya sasisho kubwa nahakikisha keneli ninayoitumia sasa haimo kwenye orodha ya vitakavyofutwa.

Kurudisha kwenyewe ni `lvconvert --merge vg0/kabla`. Kwa kuwa mizizi inatumika, LVM itasema itaunganisha voliumu itakapoamshwa tena, kwa hiyo unawasha mashine upya. Snapushoti hutoweka baada ya hapo. Mambo yakienda sawa ifute kwa `lvremove` mara unaporidhika, isikae wiki nzima ikipunguza kasi ya kila uandishi wa diski.

Upande wa vifurushi nina machache. `apt -s full-upgrade` huigiza kazi bila kubadilisha chochote. Soma sehemu ya vitakavyoondolewa kabla ya kitu kingine. `autoremove`, inayoondoa vifurushi ambavyo apt inaviona havihitajiki tena, nayo usiijibu ndiyo kwa mazoea, hasa kwenye mashine uliyoirithi kwa mtu: `apt-mark showmanual` itakuonyesha kilichowekwa kwa makusudi, na ukiona kitu muhimu hakimo, kitie kwa `apt-mark manual`. Kifurushi usichotaka kiguswe kifunge kwa `apt-mark hold`, lakini andika mahali kwa nini umekifunga, maana aliyesahau kifungo chake hukosa marekebisho ya usalama kimyakimya. Watumiaji wa dnf wana `dnf history undo`, kitu kizuri ambacho hata hivyo hufanya kazi pale tu matoleo ya zamani ya vifurushi yanapokuwa bado kwenye ghala la mtandaoni. Mimi sikitegemei badala ya snapushoti.

Sasisho likiisha, tafuta mafaili ya mipangilio yaliyoachwa pembeni: yanayoishia `.dpkg-dist` kwenye Debian, `.rpmnew` kwenye Fedora na Red Hat. Huduma inayogoma baada ya kusasishwa mara nyingi jibu lake limo humo.

Na nafasi ikiisha katikati ya kazi? Usianze kufuta keneli kwa `rm` ndani ya `/boot`, kwa sababu dpkg haitajua na itaendelea kulalamika. Ziondoe kama vifurushi. Kwa `/var`, `apt clean` humwaga vifurushi vilivyopakuliwa, na `journalctl --vacuum-size=200M` hupunguza logi. Mara nyingi hizo mbili hutosha, lakini kama VFree ipo, kuongeza GB chache ni kazi ya amri moja. Kisha `dpkg --configure -a`, ikifuatiwa na `apt -f install`, humalizia kilichokatikia njiani.

Snapushoti usiiite bakapu. Iko kwenye diski zilezile, na diski ikifa zinakufa pamoja. Hata ramani ya LVM yenyewe, ambayo huhifadhiwa kila unapobadilisha kitu, inakaa `/etc/lvm/backup` na `/etc/lvm/archive`, yaani ndani ya mizizi ileile unayotaka kuiokoa. Ninakili saraka hizo mbili kwenye mashine nyingine pamoja na matokeo ya `apt-mark showmanual`. Ni KB chache tu, na kwa hizo `vgcfgrestore` inaweza kurejesha kundi ambalo mtu amelifuta mipaka yake, mradi hakuna aliyeandika juu ya data.