Maswali ya wasomaji: Nyota wa kikapu aliyezimika mapema

SWALI: Asalaam aleikum. Mpwa wangu ana miaka 19, urefu mita 2.03. Akiwa skuli hakuna aliyemuweza, na hapa uwanja wa Mao Zedong wakimwita Hasheem. Tangu aanze kucheza na watu wazima anatolewa kwa faulo kabla ya robo ya nne, na magoti yanamuuma. Je, kipaji ndio kimekwisha?
Mjomba mtu, Kikwajuni

JIBU: Waalaikum salaam, Bwana. Kipaji kipo. Skuli urefu ulimfanyia kazi ambayo miguu haikufundishwa: mpira ukirushwa juu anaunyaka, anageuka, anaweka. Sasa anakutana na senta (mchezaji wa chini ya ringi) mfupi mwenye kiuno kizito, anasukumwa mbali na ringi, anachelewa, anashusha mkono kufidia. Filimbi. Kwa sheria za kimataifa faulo 5 zinakutoa.

Hilo jina walilompa lina somo kubwa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, alianza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15. Mwaka 2009, baada ya misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, Memphis Grizzlies ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka ule, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Msimu wa kwanza haujesha, wakamshusha ligi ya maendeleo, iliyo chini ya NBA. Wastani wake NBA ulibaki pointi 2.2 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 2.7 kwa mchezo. Wengi husema alifeli. Hatukubali. Aliyeanza umri ule alikuwa bado anajifunza misingi ndani ya ligi isiyomsubiri mtu, na bado alikuja kucheza Japani na Taiwan.

Kwa mpwa wako, anzeni na magoti. Maumivu yakiwa chini tu ya kifuniko cha goti na yakizidi anaporuka, mara nyingi ni kano iliyochoshwa na kuruka kwenye saruji. Siku za kuruka ziwe mbili kwa wiki, zisifuatane. Siku nyingine aegemeze mgongo ukutani, akunje magoti kama aliyekaa kitini, ashikilie sekunde 45. Mara 5, akipumzika dakika 2 kila mara. Maumivu madogo yanavumilika. Yakiwa makali zaidi kesho yake, amezidisha. Goti likivimba au likikwama, aende hospitali kwanza.

Faulo zinaponea miguuni. Ainame kiunoni na magotini, ateleze kando kutoka mstari hadi mstari kwa sekunde 30, mara 6. Miguu isigusane wala isipishane: ikikutana hawezi kubadili upande, na hapo ndipo mkono unaposhuka. Kisha mwenzake amjie na mpira, naye aruke wima, mikono juu, asiipigishe chini. Hili alifanye hata akiwa amechoka, maana faulo nyingi za warefu huja wakati wa uchovu.

Mashambulizi yana dawa fupi: zoezi la Mikan. Chini ya ringi, anaweka mpira kwa mkono wa kulia upande wa kulia, anaudaka ukitoka kwenye wavu, anahamia kushoto kwa mkono wa kushoto, hadi aingize 20. Mpira usishuke chini ya kidevu, vinginevyo wafupi watamnyang'anya. Amalizie na mitupo huru 50, akiandika iliyoingia.

Kocha naye aombwe ampe dakika 4 au 5 kila robo badala ya kumuacha ndani mpaka achoke. Majaribio ya klabu za Dar yasubiri: kijana anayekwenda huko na magoti mabovu hupimwa kwa magoti hayo.