Kijana mrefu anayepitwa: usimweke benchi

Kocha, umesema senta wako wa kikapu wa miaka 17, yule mrefu wa kucheza karibu na goli, anafunga vizuri ila gadi mwepesi, yaani mchezaji wa nje mwenye mpira, akimvuta nje anapitwa kirahisi. Basi asitoke nje! Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, hazina ile ya NBA, ligi ya Marekani, inayomkataza mlinzi kukaa sekunde tatu ndani, kwenye eneo lililo mbele ya goli, bila kumkaba mtu, kwa hiyo mwache alinde goli. Wakiweka skrini, yaani mwenzao akisimama kumzibia njia gadi wako, senta arudi nyuma hatua mbili. Anayepaswa kuhangaika ni gadi wako, abanane na mwenye mpira mpaka wamkute senta.

Ndiyo maana wale wanne wengine ndio kazi yenyewe. Namba nne, anayemsaidia senta karibu na goli, mpe yule mbishi anayekimbia na kugombea rebaundi, mipira iliyokosa goli, hata kama hafungi. Ukipanga wafungaji watano utaumia. Najua utaachia mitupo ya mbali, lakini kwa viwanja vyetu vya wazi hapa Dodoma na upepo huu wa Julai, mimi ningewaachia watupe.

Halafu mwangalie miguu. Senta wangu alikuwa anasimama magoti yamenyooka, visigino vimeganda chini; mpinzani akigeuza bega tu, keshachelewa, anashusha mkono, faulo. Na faulo ya tano anatoka. Tulimfundisha kuruka wima, mikono juu, asiishushe kabisa. Ilichukua miezi, si wiki. Dakika zake zigawe, apumzike kabla hajachoka, maana akichoka ndipo mikono inaposhuka.